Hatua Tatu Kutoka Kaunta

8 Februari

Kwako Bibi,

Shikamoo. Naanza kuliulizia goti lako kabla yako mwenyewe, maana najua ndilo linaloamka kwanza asubuhi. Limepoa? Mjomba na watu wa nyumbani kwake hawajambo? Sisi huku tunaendelea. Mama bado anafua mashuka ya hospitali, na wiki hii yuko zamu ya asubuhi. Mimi nimekuwa wa nne darasani. Ningekuwa wa tatu kama ramani ya mtihani isingekuwa na mito mingi vile. Dada ametimiza miaka kumi na sita. Siku hiyo alipanga vifuniko vya chupa kwa rangi kutoka mlangoni mpaka kitandani, na hatukuruhusiwa kuvuka mpaka jioni.

Tafadhali nijibu kwa anwani hii ya shule. Mama hajui kwamba nimekuandikia. Sijamdanganya, hajaniuliza. Najua hamjasemezana tangu ulipofunga duka ukahamia kwa Mjomba, na sababu siijui, na nimefundishwa nisichimbe mambo ya wakubwa. Simu nayo ulisema mwenyewe: nusu unasikia, nusu unabuni.

Jambo lenyewe ni hili. Mwaka huu Dada anamaliza masomo ya kitengo cha watoto wenye usonji. Mwalimu wake amesema kuna karakana ya kushona mifuko inayopokea vijana kama yeye. Wanakwenda asubuhi, wanarudi nyumbani jioni. Lakini karakana haina mpishi wala msaidizi. Kila mmoja anajinunulia chakula cha mchana katika duka lililo ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo sharti lao ni moja. Mwezi wa Novemba Mwalimu atampeleka Dada kwenye duka lile, atakaa kando bila kusema neno, na Dada atanunua mwenyewe.

Asipoweza, Mama ana karatasi nyingine kwenye droo, ya kituo cha makazi. Kiko mbali, safari ya kutwa nzima. Wanaopelekwa wanalala huko huko. Nimeisoma, Bibi. Imeandikwa: "Ndugu wataruhusiwa kutembelea mara mbili kwa mwaka." Mama ameijaza yote, imebaki sahihi tu. Simlaumu. Hawezi kuacha kazi, na hawezi kumfungia Dada ndani peke yake kutwa.

Wewe ulikuwa na duka miaka mingi. Nifundishe namna ya kumfundisha. Na je, unaweza kuja, hata kwa mwezi mmoja?

Mjukuu wako mtiifu.


27 Februari

Mke mwenzangu,

Marahaba. Goti halijapoa, limezoea tu, kama mtu aliyeolewa na mume mbaya. Mjomba wako amenenepa mpaka viti vinamkimbia. Mkewe ananipikia vizuri na kuninunia vizuri, kwa hiyo sina la kulalamikia.

Wa nne? Hao watatu wa mbele ni watoto wa nani? Niandikie nijue wa kumkasirikia.

Sasa tuje kwa Kasuku wetu. Najua mama yako hapendi nimwite hivyo, lakini mtoto anayerudia kila neno analosikia utamwitaje? Nami nawapenda kasuku kuliko watu wengi ninaowajua.

Nimesimama nyuma ya kaunta miaka thelathini na mmoja, kwa hiyo nisikilize. Mnunuzi hafundishwi dukani. Dukani kuna foleni, kuna kelele, kuna mwenye haraka anayekusukuma kwa kikapu. Fungua duka nyumbani. Meza iwe kaunta. Paketi tupu msizitupe: ya unga, ya chumvi, ya sabuni ya unga, ya majani ya chai. Zitie hewa, zifunge vizuri, zipange kwenye rafu. Wewe uwe muuzaji, yeye awe mteja. Akishazoea, mpeleke kwenye duka la kweli. Na usimkaripie. Ukimkaripia, karipio hilo atakurudishia mwaka mzima kwa sauti yako mwenyewe.

Karatasi inaisha na kalamu ya Mjomba inavuja. Wasalimie unaoweza kuwasalimia.

Bibi yako.


14 Aprili

Kwako Bibi,

Shikamoo. Poleni na mvua kama huko nako inanyesha. Sisi hatujambo. Mama ameungua mkono kidogo kwa mvuke wa pasi kubwa za kazini, lakini anasema si kitu. Ramani nimeanza kuzielewa.

Bibi, duka letu linakwenda vizuri! Nilichora kadi tisa, kila kadi hatua moja, nikazitia kwenye pete ya funguo. Kuingia. Kuchukua kikapu. Kutazama orodha. Kuchukua vitu. Kupanga foleni. Kulipa. Kusubiri chenji. Kutia kwenye mfuko. Kutoka. Mwalimu wa kitengo alipoziona alinisifu, halafu akanishauri jambo ambalo nisingelifikiria: nianzie mwisho. Siku tatu za kwanza mimi nilifanya hatua zote nane, Dada akafanya ya kutoka tu. Tatu zilizofuata, kutia kwenye mfuko na kutoka. Kwa njia hiyo kila mara anamaliza yeye, na furaha ya kumaliza inakuwa yake.

Kusubiri chenji ndiko kulikotutoa jasho. Alikuwa anatoa noti na kuondoka kama tajiri. Sasa anahesabu mpaka ishirini, mkono ukiwa wazi, na chenji ikifika kabla ya ishirini hataki kuipokea mpaka amalize. Nimejifunza kuchelewa.

Jana alifanya hatua zote tisa bila kosa, na leo tena. Mama alisimama mlangoni na sare yake ya kazi, akatazama. Hakuondoka haraka.

Jumamosi ya wiki ya tatu kuanzia hii tunakwenda dukani kwa kweli. Hukunijibu kama unaweza kuja.

Mjukuu wako.


3 Mei

Kwako Bibi,

Shikamoo. Samahani kwa kuandika kabla ya jibu lako. Sisi ni wazima wa mwili.

Tulikwenda. Karibu na kwetu kuna duka la mzee tunayemwita Miwani, kwa sababu ana miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani, na kila saa anatafuta wa tatu. Mle unachukua vitu mwenyewe kwenye rafu, kisha unalipa kwenye kaunta iliyo nyuma. Dada aliingia vizuri. Alichukua kikapu. Akatazama orodha yake ya picha, akaenda moja kwa moja kwenye paketi za unga, akachukua moja.

Ndipo uso wake ukabadilika. Aliipima mkononi kama mtu aliyepewa jiwe. Akaigeuza. Akaiweka chini, akachukua nyingine, nayo ilikuwa nzito. Basi akaifungua pembeni, taratibu kabisa, akamwaga unga wote sakafuni, akaikung'uta, akaifunga tena, akaitia kikapuni. Akaenda kwenye chumvi. Akamwaga. Akaenda kwenye sabuni.

Nilisimama tu, Bibi. Nilikuwa nimejifunza kutomwingilia, na akili yangu ilichelewa. Alipofika kwenye sabuni ndipo nikaelewa. Hakuwa anaharibu. Alikuwa anazirekebisha. Nilimfundisha wiki zote zile kwamba paketi ni kitu kitupu.

Miwani alitoka nyuma akiwa ameinua ufagio juu.

"We mtoto! Umetumwa na nani?"

"Umetumwa na nani," Dada akasema.

"Unanijibu?"

"Unanijibu."

"Hajibu, mzee wangu," nikasema. "Anarudia tu. Kosa ni langu mimi."

"Kosa lako na unga wangu! Huyu asinikanyagie tena hapa bila mama yake!"

Watu walikuwa wanacheka. Dada alipiga kichwa chake kwa ngumi njia nzima. Alikuwa amefanya kila kitu alichofundishwa, na dunia imemgeukia. Hilo ndilo linalonikosesha raha. Miwani amekubali nifagie duka kila Jumamosi mpaka atakaposema basi. Mama sijamwambia. Lakini ameona unga kwenye viatu vyangu, na jioni nilimkuta ameifungua droo, akaifunga aliponiona.

Imebaki miezi sita. Nimezichana kadi mbili kwa hasira, kisha nikazichora upya. Tafadhali njoo.

Mjukuu wako.


24 Mei

Mke mwenzangu,

Marahaba. Kwanza niungame. Niliposoma habari za unga nilicheka mpaka mkwe wangu akaja kuangalia kama ndiyo nakata roho, akaondoka amevunjika moyo. Halafu nikakumbuka. Paketi tupu ni ushauri wangu. Wewe ulitii, yeye akatii, na mimi mwenye duka wa miaka thelathini na mmoja sikufikiri kwamba mtu anaweza kutii hivyo. Usimwombe dada yako radhi kwa kosa langu. Mwambie kwamba Bibi ndiye aliyekosea. Ataona ajabu kuliko sisi.

Sasa: chukua paketi zilizojaa, hata kama ni mbili tu. Mzoeshe uzito. Na huyo Miwani, mpime. Mwenye duka anayekubali kulipwa kwa ufagio si mtu mbaya. Mwombe nusu saa kabla hajafungua kwa watu. Mwambie umetumwa na mwenzake wa kazi.

Swali lako nimeliona mara zote tatu, macho yangu bado yapo. Goti haliwezi safari.

Bibi yako.


19 Julai

Kwako Bibi,

Shikamoo. Pole na goti. Mama mkono umepona. Nimekuwa wa pili, na wa kwanza ni msichana mwenye huruma sana, usimkasirikie.

Miwani alikubali. Nilipomwambia nimetumwa na mwenzake wa kazi aliuliza ulikuwa na kaunta ya mbao au ya kioo. Nikasema ya mbao. Akasema, "Basi huyo ni mtu." Tangu hapo anatufungulia Jumamosi na Jumatano, nusu saa mapema. Dada sasa anachukua unga na hamwagi. Anachukua sabuni. Anatazama orodha yake na hachukui kisichochorwa. Hatua tano za kwanza anazifanya vizuri kuliko mimi.

Kisha tunakwama, Bibi, na tumekwama wiki nne.

Hakaribii kaunta. Akifika hatua tatu kutoka kaunta, anaweka kikapu chini, anachuchumaa, anashika kifundo cha mguu wa kushoto kwa mikono miwili, na kuanza kuyumba. Nyumbani meza haimtishi. Ni kaunta tu. Nilidhani anaogopa Miwani, kwa hiyo Miwani akatoka nje kabisa, akasimama barabarani kama aliyefukuzwa kwake. Haikusaidia.

Na anasema maneno. Unajua maneno yake yote yana mwenyewe; ukisubiri unamjua aliyeyasema kwanza, redio au Mama au mimi. Haya simjui mwenyewe. Anasema, "Tulia hapo, mteja huyo. Tulia hapo, mteja huyo." Anayasema polepole, kwa sauti ya mtu mzima anayefanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Miwani anaapa si yake.

Nilimwuliza Mama. Aliinuka akaenda kuanua nguo, na kamba ilikuwa tupu, tulishaanua asubuhi.

Wewe ulikuwa na duka. Umewahi kuyasikia maneno hayo?

Mjukuu wako.


16 Agosti

Kwako Bibi,

Shikamoo. Sijapata jibu la barua yangu ya Julai. Labda imepotea, kwa hiyo narudia kwa ufupi: Dada haendi kwenye kaunta. Anashika mguu na kusema, "Tulia hapo, mteja huyo." Mwalimu wa kitengo amesema tusimvute, na hatumvuti. Amesema pia, kwa upole, kwamba nijiandae. Sikumwuliza nijiandae kwa lipi.

Mama ameleta begi kubwa kutoka kazini, la turubai. Amesema ni la kuwekea mablanketi. Hatuna mablanketi ya kujaza begi.

Nakusalimu sana.


12 Septemba

Bibi,

Shikamoo. Nimemwuliza karani wa shule kama barua zinapotea, akasema zako nyingine zilifika, kwa nini hizi zisifike.

Kama umekasirika, niambie kosa langu nilirekebishe. Kama unaumwa, Mjomba aandike mstari mmoja. Kama hujui jibu, sema hujui, nami sitauliza tena. Lakini nadhani unajua. Samahani kwa kusema hivyo kwa mtu mzima. Dada ni mkubwa wangu kwa miaka miwili na kila jioni ananiwekea kiatu changu cha kushoto juu ya cha kulia, kwa sababu ndivyo anavyoona kinapaswa kulala. Wakimchukua sitajua namna ya kuviweka.

Mjukuu wako.


29 Septemba

Mjukuu wangu,

Barua zako zote tatu ziko hapa chini ya redio. Siumwi. Sikukasirika. Nilikuwa naogopa mtoto wa miaka kumi na nne.

Maneno hayo ni yangu.

Dada yako alikuwa na miaka saba, wewe mitano, uko chekechea. Mama yako alikuwa ameanza zamu za kutwa, na dada yako alikuwa anashinda nami dukani. Alikuwa mkimbiaji. Mlango ukiwa wazi yuko barabarani. Mara mbili magari yalifunga breki mbele yake, na mara ya pili dereva alishuka akatapika. Duka haliendeshwi mlango ukiwa umefungwa. Basi nilimfunga. Mguu wa kushoto, kwa kamba, kwenye mguu wa kaunta. Asubuhi mpaka mchana, karibu mwaka mzima. Alikuwa na mto wa kukalia na vifuniko vyake vya chupa. Kila mtu alipoingia alikuwa akiinuka kutazama, nami huku napima sukari nilikuwa namwambia, "Tulia hapo, mteja huyo." Wateja walimzoea kama walivyozoea mizani. Wengine walimletea peremende. Sikumbuki hata mmoja aliyeuliza.

Mpaka siku moja akaingia mwanamke mgeni, akaona, akapiga kelele. Watu wakajaa. Mama yako akaja mbio kutoka kazini. Aliniuliza mbele ya watu wote nimemfanya nini mwanawe. Sikujibu. Mwezi ule ule nilifunga duka.

Kwa hiyo goti linaweza safari. Mimi ndiye siwezi. Nilikuwa nakufundisha kumfikisha mtoto kwenye kaunta, na mimi ndiye niliyeiweka ile kaunta njiani.

Fanya utakavyo na barua hii.

Bibi.


11 Oktoba

Kwako Bibi,

Shikamoo. Nilikaa na barua yako siku mbili ndani ya daftari la jiografia. Siku ya kwanza nilikuchukia, ni vizuri ujue. Siku ya pili nilimwona Dada amelala na mkono kwenye kifundo cha mguu, nikaona nisiposema neno nitakuwa wa tatu kulificha.

Nilimsomea Mama. Alikuwa anakunja sare yake. Nilisoma yote, hata pale uliposema hukujibu. Nilipomaliza alikuwa ameikunja, ameikunjua, na anaikunja tena.

Akasema, "Kamba niliinunua mimi."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Nilichagua laini," akasema. "Nilimwambia muuzaji ni ya kuanikia nguo. Bibi yako alikataa wiki nzima. Nikamwambia, mama, utamzika huyu mtoto au utamfunga, chagua. Fundo lisilobana nilimfundisha mimi. Na siku ile watu walipojaa, niliyepiga kelele kuliko wote ni mimi. Alinitazama tu. Alikuwa na uwezo wa kusema neno moja, na hakulisema."

 Nikamwuliza kwa nini basi amejaza karatasi ya kituo.

"Kwa sababu siwezi kumfunga mara ya pili. Nikimfungia ndani kutwa, nimemfunga."

"Na kule, Mama? Lango lao halifungwi?"

 Aliweka sare kitini, akatoka nje akasimama.

Jumatano alibadilishana zamu akaja nasi kwa Miwani. Tangu Dada aanze kujifunza, Mama hajawahi kuja. Dada alifika pale pake, akachuchumaa, akashika mguu, akaanza maneno yako. Mama akaketi sakafuni mbele yake na sketi yake ya kazi. Akamshika kifundo, akakisugua kama anatafuta kitu. "Hakuna," akasema. "Ona. Hakuna kitu." Kisha akasema, "Nisamehe."

"Nisamehe," akasema Dada.

Mama akajifunika uso. Miwani alianza kupanga mishumaa iliyokuwa imepangwa.

Kaunta hakuifikia. Imebaki wiki tano. Miwani anasema yuko tayari kutoka mbele kumpokelea pesa, lakini Mwalimu amesema duka la karakana lina muuzaji mwingine, na huyo hatatoka. Sijui la kufanya, Bibi. Nasema kweli, safari hii sijui.

Mjukuu wako.


20 Oktoba

Mjukuu wangu,

Nimeipata na ninajibu siku hiyo hiyo, kalamu imevuja, usijali madoa.

Mwambie mama yako kwamba nilimwachia neno lake alitoe mwenyewe siku atakayoliweza. Amelitoa. Lilikuwa zito, na mwenye mzigo mzito halaumiwi kwa kuchelewa. Yaliyobaki tutayamaliza mimi na yeye, si kupitia kwako.

Sasa kazi. Nani amesema lazima aiguse kaunta? Kadi yako imeandikwa "Kulipa", haijaandikwa "Kusimama karibu". Miaka thelathini na mmoja sikuwahi kukataa pesa ya mtu kwa sababu amesimama mbali. Wapo waliokuwa wananirushia hata salamu hawana. Dada yako ana mikono ya babu yake, mirefu kama ya kuangulia matunda. Msimvute mpaka kwenye kaunta. Mfikisheni pale ambapo mkono unafika, basi. Mchoree mstari sakafuni. Kila siku usogeze mbele, chini ya shibiri moja.

Na muuzaji akichelewa, asiondoke. Kusubiri anajua, ulimfundisha.

Bibi.


24 Novemba

Kwako Bibi,

Shikamoo. Anwani niliyoandika juu ya bahasha ni ya nyumbani. Mama amesema barua zako zije huku. Amesema pia nikuulize goti, kwa hiyo nakuuliza kwa niaba yake: linaendeleaje?

Naandika darasani, kipindi cha hesabu, kitu ambacho sijawahi kufanya. Nitakueleza kwa nini.

Tulichora mstari kwa chaki kwa Miwani, naye akakubali kutufungulia kila asubuhi, na kila siku tukausogeza. Dada anapenda mistari. Alikuwa akiukanyaga kwa vidole vya miguu kabla hata hajachukua kikapu. Siku nyingine tulirudi nyuma. Siku mbili hakuingia kabisa. Mpaka wiki ya mwisho tulikuwa tumefika hatua moja na mkono kutoka kaunta.

Jumatano iliyopita ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Mwalimu alisimama kando ya mlango wa duka la karakana na karatasi yake. Mimi na Mama tulikuwa nje, tunatazama kupitia dirisha lililobandikwa matangazo, mimi juu ya tangazo la betri, Mama chini yake. Hakuna mstari wa chaki pale. Dada alichukua mkate, akachukua yai la kuchemsha, akachukua maji. Akasogea. Hatua tatu kutoka kaunta akasimama. Mama alinishika bega mpaka likauma. Dada akachuchumaa, Bibi. Akashika mguu. Nikaona Mwalimu anainua kalamu.

Kisha Dada akasimama. Sijui kwa nini. Akaenda mbele kidogo, akakiweka kikapu sakafuni, akakisukuma kwa mguu mpaka kikagonga mbao za kaunta. Akanyoosha mkono na noti.

Muuzaji, msichana mmoja mwenye kucha ndefu, alikuwa anaongea kwenye simu, hakumwona. Mkono ulikaa hewani.  Nilitaka kugonga kioo, Mama akanizuia. Mwishowe yule msichana akageuka, akashtuka, akasema kwenye simu, "Subiri, nina mtu." Akapokea. Dada akahesabu mpaka ishirini kwa sauti, na muuzaji akasubiri na chenji, hakuwa na la kufanya.

Mwalimu aliandika muda mrefu. Aliandika kwamba anaweza, na wamchukue kwa majaribio ya miezi mitatu. Si kwamba tumeshinda. Miezi mitatu inakwisha. Karatasi ya kituo iko kwenye droo, Mama hajaichana. Lakini haina sahihi, na lile begi la turubai amelirudisha kazini.

Leo ndiyo siku yake ya kwanza. Sasa ni saa sita na nusu. Sasa hivi anavuka barabara peke yake, au havuki. Yuko mbele ya kaunta, au amechuchumaa na watu wamemzunguka. Mama yuko kwenye mashuka, mimi niko kwenye hesabu, na hakuna hata mmoja wetu aliye dirishani. Mwalimu wa hesabu ameniuliza jibu la swali la nne, nimemwambia ishirini. Darasa limecheka. Naacha hapa.

Naendelea, ni saa kumi na nusu. Nilikimbia kutoka shule. Nilimkuta kwenye lango la karakana, amekaa kwenye benchi na wenzake, viatu ameviweka anavyotaka yeye. Msimamizi aliniambia, "Alikwenda, akarudi, akala," kama vile anasema jua limechomoza.

Orodha yake ya leo niliichora mimi jana: mkate, yai, maji. Mkate alinunua. Yai alinunua. Maji hakununua. Alikuwa ameshika chupa ya soda nyekundu, imebaki nusu, na mdomo wake ulikuwa mwekundu. Soda haina picha kwenye orodha, Bibi. Haijawahi kuchorwa. Nyumbani hatunywi, na kwa Miwani hajawahi kuigusa.

Nikamwuliza, "Nani amekuambia ununue hii?"

Nilisubiri anirudishie swali langu. Akaitazama chupa, akaiinua kwenye mwanga.

"Tamu," akasema.

Nimefikiri njia nzima neno hilo amelitoa kwa nani, kwenye redio, kwa Mama, kwako au kwangu. Sikumpata mwenyewe.